Upangaji wa Makazi na Kauli ya Wenyeji

Utamaduni wa taifa unapotajwa, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, mashairi, uchongaji, mavazi na mila za ndoa. Ni haki kuyatazama hayo, na sisi wenyewe tumetumia miaka mingi katika mjadala wa ushairi bila ya kujuta. Lakini iko kazi moja ya akili na mikono ya binadamu ambayo wahakiki wetu wameipita kimya, ingawa kila Mtanzania huishi ndani yake tangu kuzaliwa hata kuzikwa. Kazi hiyo ni mpango wa makazi: mahali nyumba inapokaa, upande mlango unapoelekea, njia inapopita, na mahali pa kisima, soko, malisho na makaburi. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kazi hiyo kama tunavyohakiki utungo wowote, yaani kuuliza ni nani aliyeitunga, ameitunga kwa ajili ya nani, na je, yule aliyetungiwa alipata nafasi ya kujibu?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotusukuma kushika kalamu. Mshairi anayepeleka shairi lake gazetini anajua kwamba siku si nyingi atajibiwa, na pengine atajibiwa na mtu asiyemjua, kutoka wilaya asiyopata kufika, kwa mizani ileile na vina vilevile. Hilo halimpunguzii hadhi. Bali shairi lisilojibiwa hutiliwa shaka kwamba halikusomwa. Ramani haijibiwi hivyo. Ramani hutungwa ofisini, hutiwa saini na muhuri, kisha hushushwa ardhini kwa vigingi na mawe ya mpaka. Mtu asiyekubaliana nayo hana pa kuandika jibu lake isipokuwa palepale chini, kwa miguu yake, kwa kukata njia pasipopangwa njia na kuacha tupu mahali palipopangwa pajae watu. Tumekuwa watumishi wa umma kwa muda wa kutosha kuyaona majibu ya namna hiyo, na katika mojawapo sisi wenyewe tulikuwa na mkono. Tutalieleza mahali pake.

Na tuanze na nyumba. Msomaji aliyekulia Dar es Salaam, Tanga, Tabora au Ujiji anaijua nyumba ya Kiswahili bila ya kuelezwa: baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba huku na huku, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna msanifu aliyeweka saini juu ya nyumba hiyo. Hata hivyo kila kipimo chake kina sababu. Baraza humwezesha mwenye nyumba kumpokea mgeni, kumpa kahawa na kumaliza naye shauri bila ya kumwingiza ndani walipo wanawake. Ua huwapa wanawake mahali pa kazi na mazungumzo pasipo macho ya mpita njia. Vyumba vilivyotengana huruhusu kupangisha, ili mjane apate kodi ya kumvusha mwezi. Katika nyumba za mawe za pwani hata upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti iliyokatwa mikokoni. Yote hayo yalipatikana kwa mashauri ya miaka mingi kati ya fundi na mwenye nyumba, huyu akisema ninataka hivi, yule akisema mti haufiki.

Bara nako kulikuwa na mashauri yake. Tembe la Wagogo, lenye paa la udongo lililo bapa, lilijengwa kwa kuuzunguka uwanja ambamo ng'ombe walilala, kwa sababu katika nchi ile kavu mali ya mtu ni mifugo yake, na mbolea ya zizi ndiyo iliyolisha mashamba ya jirani na nyumba. Kule Uchaggani kihamba kilikuwa nyumba, shamba, zizi na makaburi ya wazee kwa pamoja. Na maji yalifika humo kwa mfereji uliochimbwa kutoka mlimani na kutunzwa na watu waliokuwa wakiutumia, ambao walikutana kugawana siku za zamu na kazi za ukarabati. Mfereji ni mpango wa matumizi ya ardhi kwa maana kamili. Haukuweza kuchorwa na mtu mmoja kwa siri, kwa sababu maji huteremka kwa tabia yake na hayamwogopi mwenye cheo.

Hatusemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika wa upangaji. Mwanamke aliyepika katika jiko lisilo na dirisha hakuulizwa kama moshi unamuumiza. Mgeni na mtumwa walipewa pembe ya mji waliyobakiziwa na wengine. Tunalosema ni dogo zaidi kuliko hilo: kwamba namna ya kukaa kwa watu ilikuwa na mahali pa kulijadilia kabla ya kujenga, hata kama si wote waliokaribishwa katika baraza la majadiliano. Kazi ya taifa huru ilikuwa kulipanua baraza hilo.

Na kwa maandishi, taifa letu lilikusudia kulipanua. Mwalimu Nyerere, katika *Ujamaa Vijijini* ya mwaka 1967, alieleza kwamba vijiji vya ujamaa havina budi kujengwa na watu wenyewe kwa hiari yao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaenda mbele zaidi, ukitaka wananchi washiriki katika kuyafikiri maendeleo yao, kuyapanga na kuyatekeleza. Angalia mpangilio wa mambo hayo matatu. Kufikiri kumetangulia kupanga, na kupanga kumetangulia kutekeleza. Mtu aliyeitwa katika la tatu pekee, akapewa jembe na sururu, hajashirikishwa. Ameajiriwa bila ya mshahara.

Miaka miwili tu baada ya Mwongozo, tarehe 6 Novemba 1973, ikatangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na kwamba jambo hilo sasa ni amri. Mpaka mwaka 1977 mamilioni ya watu walikuwa wakihesabiwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Mengi yameandikwa juu ya Operesheni Vijiji, ya kusifu na ya kulaumu, nasi hatukusudii kuyarudia. Shule, zahanati na mabomba ya maji yaliyofika katika vijiji vile ni mambo ya kweli. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa watoto waliojifunza kusoma katika shule ya namna hiyo. Lakini mhakiki hana budi kutenganisha nia na utungo. Nia ilikuwa njema. Utungo ulikuwa mstari mmoja uliorudiwa nchi nzima.

Tunasema mstari kwa maana halisi. Katika vijiji vingi nyumba zilipangwa kwa safu zilizonyooka, kandokando ya barabara. Mpangaji alifikiri juu ya lori la mahindi na bomba la maji, na kwa hayo mawili safu iliyonyooka ni sahihi. Hakufikiri juu ya nyani na nguruwe wanaoingia shambani usiku, ilhali mwenye shamba amelala mbali nalo. Hakufikiri juu ya samadi, ambayo katika tembe ilikuwa hatua chache tu kutoka mahali pa kuitumia, na sasa ikahitaji kubebwa. Wala hakuhesabu kwamba kaya mamia zikikusanywa mahali pamoja, kuni za karibu humalizika upesi, na safari ya mama hurefuka kila mwaka. Huko Rufiji, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu waliondolewa bondeni wakapelekwa kwenye ardhi ya juu. Mtaalamu aliona hatari ya maji, nayo ilikuwapo. Warufiji walikuwa wakiyajua maji hayo kwa karne nyingi. Walikuwa na madungu yao ya kukaa juu wakati wa kulinda mpunga, na walijua kwamba mafuriko yanayobomoa nyumba ndiyo yanayoleta rutuba. Ilikuwapo hapo elimu ya pande mbili, na mkutano kati yao ungeweza kuzaa makazi ambayo hakuna upande mmoja uliokuwa nayo kichwani. Mkutano huo haukufanyika kabla ya mstari kuchorwa.

Jibu la wananchi likaja kwa miguu. Katika miaka ya 1980 na kuendelea, watu katika sehemu nyingi za nchi walirudi polepole kwenye mahame yao. Kiswahili kina neno hilo maalumu, mahame, kwa mahali palipohamwa na ambapo bado panajulikana. Mpimaji anapoandika "pori" juu ya ramani yake, yafaa amwulize mzee wa karibu kama hapo si mahame ya mtu.

Dodoma ni utungo wa namna nyingine, na tunautaja kwa heshima kwa sababu ni wa ustadi zaidi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huko, baada ya suala hilo kupelekwa katika matawi ya Chama nchini kote. Hivyo angalau shauri la kuhama liliulizwa kwa wengi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo, na mwaka 1976 mpango mkuu wa mji ukatolewa, kazi ya kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Wasanifu wale hawakutaka kutujengea Ulaya ndogo. Walikusudia mji wa watembea kwa miguu na mabasi, wenye kuheshimu vilima vyake, mji utakaokuwa kama kijiji kikuu katika taifa la vijiji; na wakaichukua nyumba kumi ya Chama kuwa chembe ya kuanzia, nyumba zikikusanywa kwa makumi na makumi yakikusanywa kuwa mitaa.

Wazo hilo linavutia machoni, nasi tulipoliona kwa mara ya kwanza lilitufurahisha kama ubeti uliokaa sawasawa. Kosa lake linaonekana mtu anapokaa nalo. Nyumba kumi haikuwa umbo la ardhi. Ilikuwa mapatano ya watu. Ilikuwa hai pale ambapo majirani walimchagua balozi wao na kumpelekea magomvi yao, ikafa pale ambapo hawakumchagua, hata kama milango yao ilitazamana. Mpango ulichukua ujirani ambao watu wanauunda wenyewe, ukajaribu kuuunda kwa matofali. Aidha, eneo lililochorwa halikuwa karatasi nyeupe. Lilikuwa na Wagogo, vijiji vyao, mashamba na makaburi yao. Malalamiko juu ya viwanja, fidia na ubomoaji yaliendelea kwa miaka mingi, mpaka Mamlaka ile ilipovunjwa mwezi wa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa Manispaa. Miaka zaidi ya arobaini ni muda mrefu kwa jibu kusubiri.

Katika miji mingine mambo yalikwenda kwa kupinda zaidi. Miaka ya 1960 sera ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za Shirika la Nyumba mahali pake, kazi iliyofanyika Magomeni na kwingineko mpaka ilipodhihirika kwamba fedha haziwezi kuwakimbiza watu. Mwaka 1972 serikali iligeuza msimamo, ikakubali kuyaboresha makazi yaliyojengwa bila ya mpango badala ya kuyafuta. Kutokana na uamuzi huo, na mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaletewa barabara na maji. Uamuzi ule ulikuwa wa utu, na hausifiwi vya kutosha. Lakini Manzese ilipokea, haikutunga.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa ulioinamia bonde la Msimbazi na uliozoea maji ya mvua kuingia vyumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi wake waliunda chama chao, na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na wataalamu wa ardhi, walijenga mitaro na njia zao kwa mikataba waliyoingia wenyewe, wakilipwa kwa kazi ya mikono yao. Tofauti haikuwa katika zege, kwa maana zege ni lilelile. Tofauti ilikuwa kwamba wale ambao nyumba zao zilijaa maji ndio waliojua ni wapi maji yanaanzia, na safari hii maarifa hayo yaliingia katika kazi kabla ya mtaro kuchimbwa.

Hata hapo iko kasoro. Mtaro ulipojengwa na njia zikatengenezwa, thamani ya nyumba ilipanda, na kodi za vyumba zikafuata. Kiswahili kina neno moja, mpangaji, kwa yule anayeupanga mji na yule aliyepanga chumba. Katika mikutano yote tuliyohudhuria, mpangaji wa kwanza huketi meza kuu, na mpangaji wa pili haitwi kabisa, kwa hoja kwamba si mwenye mali. Naye katika mitaa mingi ya Dar es Salaam ndiye wengi.

Sasa tulieleze lile tuliloahidi. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita tulikuwa karani katika halmashauri ya wilaya moja ambayo hatutaitaja. Mji wake mdogo ulikuwa na soko la zamani chini ya mkwaju, pembeni mwa mahali mabasi yaliposimama. Lilikuwa chafu, na mvua za masika zililigeuza tope. Hakuna aliyelitetea kwa uzuri. Fedha zikapatikana za kujenga soko jipya. Ramani ikachorwa, kiwanja kikachaguliwa umbali wa kama kilomita moja, mahali palipokuwa wazi, na ukaitishwa mkutano wa wananchi ili washirikishwe, kama masharti ya fedha yalivyotaka. Sisi tulipewa kazi ya kuandika muhtasari.

Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya gulio. Hatudhani kwamba hilo lilifanywa kwa hila. Ni siku ambayo gari lilipatikana. Matokeo yake, waliofika ni wale wasiokuwa na biashara: wazee, wajumbe, walimu wawili, na vijana waliosikia kwamba kutakuwa na soda. Ramani ilitundikwa ukutani. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, na hata sisi tuliokuwa tumefika kidato cha nne tulikwama katika baadhi ya maneno. Bwana ardhi alieleza kwa ufasaha, akitumia kijiti, na kila aliposema "hapa" watu walitazama kijiti.

Mama mmoja muuza samaki alikuja amechelewa, na kapu lake tupu mkononi. Akasimama nyuma, akaomba kuuliza. "Bwana ardhi, mimi samaki wangu wakibaki jioni nitawalaza wapi? Pale mkwajuni tuna nyumba ya jirani, tunamlipa kidogo." Kisha akauliza maji ya kuoshea samaki yatatoka kwa njia gani, kwa kuwa katika picha ile haoni mtaro. Kisha akauliza la tatu: abiria wa basi watamfuata huko ng'ambo, au yeye ndiye atakayewafuata? Mwenyekiti akamshukuru kwa maswali mazuri, akasema yatazingatiwa, akamwita msemaji mwingine. Mama yule aliondoka kabla ya kufunga mkutano. Alikuwa na biashara.

Nasi tukaandika. Tunayakumbuka maneno tuliyoyaandika kwa sababu yalikuwa yetu, yenye mizani nzuri: kwamba wananchi waliupokea mpango kwa furaha na kwa kauli moja. Hatukushurutishwa na mtu. Ndivyo mihtasari ilivyoandikwa, na sisi tulikuwa tumeisoma mingi kabla ya kuandika wetu wa kwanza. Maswali matatu ya mama hayakuingia. Kama yangeingia, pengine mhandisi aliyeupitia mpango mkoani angeyaona, kwani lile la mtaro lilikuwa la kitaalamu kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Soko lilijengwa. Lilikuwa na meza za saruji kwa safu, na wauza ndizi waliziona ndefu mno kwa mikungu waliyozoea kuiweka chini. Halikuwa na ghala. Sehemu ya samaki ilikuwa ya kwanza kutoka mlangoni, na maji yake yalitiririka hadi penye mboga. Kwa mwezi mmoja mgambo waliwaondoa watu mkwajuni kila asubuhi, nao wakarudi kila mchana basi lilipoingia. Baadaye mgambo wakachoka. Ndani ya miaka miwili mbuzi walikuwa wakilala juu ya meza zile, na katika taarifa za wilaya tatizo liliandikwa kuwa ni wananchi kutokuwa na mwamko.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tunayoihakiki kwa ukali, maana imekuwa methali ya maofisini. Mwamko ulikuwapo, umesimama nyuma ya mkutano na kapu mkononi.

Siku hizi sheria zetu zimesogea mbele. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji kauli katika ugawaji wa ardhi yake, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wenye ardhi na vyama vyao kabla mpango wa jumla haujatayarishwa. Neno "shirikishi" limeenea mpaka limechuja, na pamoja nalo limekuja neno "wadau". Neno hili tunalipenda kuliko linavyotumiwa. Yumkini limejengwa juu ya dau, lile fungu analoweka mtu mchezoni na ambalo aweza kulipoteza. Kwa kipimo hicho, mdau wa kwanza wa mpango wowote ni yule ambaye mstari unapita chumbani mwake. Lakini tazama orodha ya wadau katika taarifa yoyote: zitatangulia wizara, taasisi na wafadhili, ambao mpango ukiharibika wataandika mwingine, na mwishoni kabisa litakuja neno "jamii".

Ushiriki, kwa maoni yetu, hupimwa kwa jambo moja: je, iko alama yoyote juu ya ramani iliyobadilika kwa sababu ya neno la mwenyeji? Kama haiko, basi ama wenyeji hawakusema kitu, jambo ambalo halijatokea katika mkutano wowote tuliopata kuuandikia, ama hawakusikilizwa. Ndiyo maana tunashikilia kwamba mkutano wa kwanza ufanyike kabla ya karatasi, na usifanyike ndani. Wataalamu na wenyeji watembee mahali penyewe, wakati wa mvua ikiwezekana, wakiongozwa na mtu anayechota maji hapo, na mchungaji anayepitisha ng'ombe hapo. Majina yatakayoandikwa juu ya ramani yawe yale wanayoyatumia wao. Na kila hoja iliyotolewa iandikwe kama ilivyosemwa, na pembeni yake liandikwe jibu, hata kama jibu ni hapana na sababu zake.

Kwa maana jibu la hapana lipo, na mwenyeji naye hana budi kulisikia. Wako wenyeji wanaotumia mkutano kumfungia nje mfugaji, na wako waliojenga ukuta juu ya kiwanja cha mpira cha watoto wao wenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwathibitishia wengi kwamba mtaalamu aliyesema bonde la Msimbazi si mahali pa kulala alisema kweli. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Na wako waliorudi bondeni, penye maji, kwa sababu Mabwepande hapakuwa na kibarua, na nauli ya kufuata kibarua ilikula kibarua chenyewe. Mtaalamu alijua habari za maji. Habari za nauli hakuzijua, na zilikuwa zikijulikana na kila mtu aliyeondolewa.

Miaka michache iliyopita, tukiwa katika kituo kingine cha kazi, tulipewa tena kuandika muhtasari wa mkutano wa upimaji. Mzee mmoja alisimama akakataa barabara isipite mahali ilipochorwa, kwa kuwa pana makaburi ya wazazi wake yasiyojengewa, na mtu asiyeyajua hawezi kuyaona. Alisema kwa muda mrefu, akataja majina ya waliolala pale, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alitutazama kwa jicho la kusema inatosha. Tuliyaandika majina yote. Yalikuwa tisa, na ukurasa ukajaa. Muhtasari uliporudi kutoka juu ukurasa ule ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: fupisha. Tuliupiga chapa upya kama ulivyokuwa, tukaambatanisha ombi kwamba mpimaji aende kuyaona makaburi kabla ya kuweka vigingi. Alikwenda wiki iliyofuata, mzee akitangulia mbele na fimbo yake, akimwonyesha moja moja.